Mguu Wako Unauma Saa Ngapi?

Mtu akiingia duka la dawa na kusema miguu inamsumbua, mara nyingi hutoka na vidonge vya diklofenaki na tyubu ya dawa ya kuchua. Anapata nafuu ya siku tatu nne, maumivu yanarudi, naye anarudi dukani. Wengine huishi hivyo miaka mingi, wakiamini kwamba wana ugonjwa mmoja uitwao miguu, au uzee, au baridi iliyoingia mwilini. Hoja yangu ni kwamba maumivu ya mguu hayapaswi kunyamazishwa kabla hayajaulizwa maswali, na kwamba swali la kwanza halihitaji mashine wala fedha: yanakuja saa ngapi, na yanakaa sehemu gani hasa? Majibu ya maswali hayo mawili hutenganisha magonjwa ambayo watu wameyatia kapu moja. Nayo hayafai kuwa kapu moja, kwa sababu tiba inayomsaidia mgonjwa mmoja inaweza kumwacha mwenzake akipoteza viungo vyake, au mguu mzima.

Miguu yetu miwili, kuanzia vifundo kushuka chini, ina mifupa 52, ambayo ni karibu robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Kila unyayo una maungio 33, nayo yamefungwa pamoja kwa kano zaidi ya mia moja. Mahali penye maungio mengi kiasi hicho, tena yanayobeba mwili mzima, hapakosi hitilafu. Ndiyo maana neno la jumla la ugonjwa wa viungo halimwambii mgonjwa jambo kubwa. Madaktari wanahesabu zaidi ya aina mia moja za magonjwa ya viungo. Chache kati ya hizo ndizo zinazouandama mguu mara kwa mara, na hizo kila moja ina tabia yake.

Jongo, ambalo wengi siku hizi huliita gauti, ni ugonjwa wa usiku. Mtu analala akiwa mzima, anashtuka saa nane au saa tisa za usiku kidole gumba cha mguu kikiwaka moto. Ndani ya saa 24 kiungo kimevimba, ngozi imetuna na kung'aa, na hata uzito wa shuka hauvumiliki. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu unaoandikwa vitabuni huenda usionekane, kwa hiyo ni heri kuutumainia mgongo wa kiganja: joto litahisiwa mara moja. Shambulio lisipotibiwa hudumu siku kadhaa hadi wiki mbili, kisha huisha lenyewe kama vile halikuwahi kuwapo. Hapo ndipo udanganyifu wake ulipo. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe ugonjwa umelala tu. Chanzo chake ni asidi ya yuriki, taka inayotokana na kuvunjwa kwa seli za mwili na vyakula fulani, ambayo kwa kawaida figo huiondoa kwa mkojo. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, haiyeyuki tena vizuri, na huanza kuganda kuwa vijiwe vyenye ncha kali kama sindano ndani ya kiungo. Huganda upesi zaidi mahali penye ubaridi, na kidole gumba cha mguu kiko mbali na joto la kifua. Kwa hiyo wazee wanaoilaumu baridi hawakosei kabisa, ila baridi haina nguvu hiyo pasipo ile asidi. Jongo linapatikana Tanga na Mombasa kwenye joto sawasawa na linavyopatikana Njombe kwenye baridi.

Kuhusu jongo kuna makosa mawili yanayowagharimu watu sana. La kwanza ni kuabudu kipimo. Mtu ana maumivu ya kisigino au ya mgongo, anapimwa damu, anaambiwa asidi imepanda, basi anabandikwa jina la gauti maisha yake yote. Ukweli ni kwamba watu wengi wenye asidi ya juu hawapati jongo kamwe, na kwa upande wa pili, asidi inaweza kuonekana ya kawaida shambulio likiwa limepamba moto. Kipimo cha damu kinasaidia pale tu hadithi ya maumivu yenyewe inapofanana na jongo. Anayetaka uhakika kamili hupata kwa kuvutwa maji ya kiungo kwa sindano na kuangaliwa kwa hadubini, ambapo vijiwe huonekana kwa macho.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba jongo hutibiwa kwa kuacha maharage. Ushauri huu umesambaa mno, na kwa familia ambayo maharage, kunde, choroko na mbaazi ndiyo protini yake ya kila siku, ni ushauri wa kuwaonea watu. Mwaka 2004 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata jongo zaidi, waliotumia maziwa, hasa yaliyopunguzwa mafuta, walipata kwa nadra zaidi, na mboga zenye viini vinavyotuhumiwa kuzaa asidi ya yuriki, yaani jamii ya kunde, spinachi na uyoga, hazikuongeza hatari. Kwa hiyo kinachostahili kupunguzwa ni maini, figo, nyama nyekundu iliyopitiliza, dagaa kwa wingi, bia, pombe kali na soda zenye sukari. Sahani ya maharage iachwe mezani. Hata hivyo chakula pekee hakitoshi kwa mtu anayeshambuliwa mara kwa mara, kwani sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye urithi na kwenye figo zinazoshindwa kuitoa asidi ya kutosha. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, nazo huipandisha, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake kama anaweza kubadilishiwa.

Dawa ya kuishusha asidi yenyewe ipo, tena ya zamani. Alopurinoli ilitokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Haitulizi maumivu ya usiku ule, na anayeimeza kwa tamaa ya kupata nafuu ya papo hapo atasema haifanyi kazi. Huanzwa kwa kipimo kidogo, miligramu 100 au chini yake, na kuongezwa polepole mpaka asidi ishuke chini ya miligramu 6. Miezi ya mwanzo inaweza hata kuamsha mashambulio, ndiyo maana daktari huisindikiza na dawa nyingine ya kinga. Hutumiwa kwa miaka mingi, na aliyekwisha kuizoea haiachi kwa sababu ameshambuliwa. Kinachotakiwa kuisimamisha mara moja na kumpeleka mtu hospitali ni vipele vya mwili vinavyotokea baada ya kuianza. Diklofenaki haiwezi kufanya kazi hiyo hata imezwe miaka ishirini. Yenyewe hutuliza uvimbe, huku vijiwe vikiendelea kurundikana chini yake.

Asubuhi ina magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali na kutofautiana sana kwa karibu. Wa kwanza ni wa kisigino. Mtu anashuka kitandani, hatua tatu za kwanza ni kama anakanyaga msumari, kisha baada ya kuzunguka kidogo maumivu yanalegea, yakarudi tena akiinuka baada ya kukaa muda mrefu. Huu ni uchovu wa utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole na kushikilia upinde wa unyayo. Huwapata sana wanaosimama kutwa, kama vile walimu, walinzi, wauza maduka na mama lishe. Wengi wakipigwa eksirei huonyeshwa mwiba wa mfupa kwenye kisigino na kuogopeshwa kwamba lazima ukatwe. Mwiba huo huonekana pia kwa watu wengi wasioumwa chochote, na kwa kawaida si wenye kosa. Zaidi ya wagonjwa wanane katika kumi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kisu. Linalosaidia ni zoezi linalofanyika ukiwa bado umekaa ukingoni mwa kitanda, kabla unyayo haujagusa sakafu. Pandisha mguu unaouma juu ya goti la mwenzake, shika vidole, vivute kuelekea kwenye muundi mpaka uhisi utando wa chini umekaza kama kamba, hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Ukipapasa upinde wa unyayo kwa mkono wa pili utausikia ukikaza. Fanya hivyo kila siku kwa miezi, na uache kutembea peku au kwa kandambili nyembamba kwenye sakafu ya saruji.

Ugonjwa wa pili wa asubuhi haulegei baada ya hatua tatu. Viungo vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, miguu yote miwili kwa pamoja, hasa pale chini ya vidole panapobeba uzito wa hatua, na mgonjwa husema anahisi kama anatembea juu ya kokoto. Mara nyingi vidole vya mikono navyo vimeanza kuvimba, pete haivuki tena. Ukikamata mguu wake upande na upande usawa wa mashina ya vidole na kuubana kidogo, anaruka. Hii ni baridi yabisi, na licha ya jina lake hailetwi na baridi. Kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayovamia utando wa ndani wa viungo. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi wao si wazee hata kidogo, bali ni mama wa miaka thelathini au arobaini mwenye watoto wa kuandaa asubuhi, anayeambiwa kwamba anazidisha au kwamba amechoka tu. Kwa huyu nina uchungu wa pekee, kwa sababu kuchelewa kwake hakulipiki. Uharibifu wa mifupa unaweza kuanza katika miaka miwili ya kwanza, na kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooki kwa vidonge. Akipata dawa ya kuituliza kinga mapema, na methotreksati ndiyo inayotangulia duniani kote, ana nafasi nzuri ya kubaki na mikono na miguu inayofanya kazi. Dawa hiyo humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu, kwa hiyo siku yake iandikwe kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Haitumiwi na mjamzito wala anayetarajia kushika mimba, na inadai vipimo vya damu na ini kila baada ya muda.

Maumivu ya jioni, yale yanayoongezeka kadiri siku inavyokwenda na kupungua kwa kukaa, mara nyingi ni ya kusagika. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limepungua. Kwenye mguu huonekana zaidi kwenye shina la kidole gumba, ambacho hukataa kukunjika mtu anaponyanyua kisigino, na juu ya upinde wa mguu, ambapo hujitokeza kinundu kinachosuguliwa na kamba za kiatu. Asubuhi hukakamaa pia, lakini kwa dakika chache tu, si zaidi ya nusu saa. Hapa watu huleta pingamizi la haki kabisa: kama gegedu limesagika kwa kutumika, si ni heri kupumzisha mguu? Ingekuwa hivyo kama kiungo kingekuwa tairi la gari. Gegedu halina mishipa ya damu, hupata chakula chake kutokana na maji ya kiungo yanayosukumwa kuingia na kutoka pale mguu unapobeba uzito na kuuachia. Mguu usiotembea unanyimwa chakula, na misuli inayoushikilia inalegea. Kinachotakiwa ni mwendo wa kiasi, kila siku, ndani ya kiatu kinachofaa.

Kiatu kwa kweli ndicho dawa inayodharauliwa kuliko zote. Chukua karatasi nyeupe jioni, saa ambayo miguu imevimba kidogo, simama juu yake kwa uzito wote, mtu akuchoree mzunguko wa unyayo kwa kalamu. Kisha weka kiatu chako juu ya mchoro huo. Kwa watu wengi, hasa wanawake wanaovaa viatu vya ofisini, kiatu kitaonekana chembamba kuliko mguu uliokuwa umebanwa ndani yake. Kiatu cha mtumba nacho kina jambo lake: soli imekwisha kuliwa kwa mwendo wa mtu mwingine, na mguu wako unalazimishwa kumfuata. Kigeuze, kitazame kisigino. Kama kimelika upande mmoja, kiache hata kama kina jina kubwa. Mwenye kidole gumba kilichokakamaa anahitaji soli ngumu isiyokunjika katikati, iliyopinda kidogo kwa mbele ili mguu uviringike badala ya kidole kukunjwa. Fundi viatu mwenye ujuzi anaweza kuiongeza kwenye kiatu cha kawaida, akielezwa vizuri.

Nitajibiwa kwamba vidonge vya maumivu vinafanya kazi, na mtu anayelala vizuri hana haja ya jina la ugonjwa wake. Sipingi kwamba vinatuliza. Kwenye shambulio la jongo ni miongoni mwa dawa zinazostahili, kwa siku chache na kwa mtu mwenye figo nzima. Tatizo ni miezi na miaka. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hutoboa tumbo, hupandisha presha na kuzichosha figo, na mwenye jongo akidhoofisha figo zake amejifungia mlango wenyewe wa kuitoa asidi. Kibaya zaidi ni zile dawa za viungo zinazouzwa kama za asili na zinazoponya kwa siku moja. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba bidhaa zilizouzwa kwa jina la Artri King zilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni dawa yenye nguvu kubwa. Ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kulifanya tezi la mwili linalotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo lilale, hata kuiacha ghafla kukawa hatari. Kwa hiyo dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ya miaka mitano usiku mmoja inapaswa kutiliwa shaka kwa sababu hiyo hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema kwamba ushauri huu ni wa watu wenye bima na hospitali ya rufaa jirani. Mabingwa wa magonjwa ya viungo ni wachache sana Afrika Mashariki, na wapo zaidi kwenye miji mikubwa. Ni kweli. Lakini ndiyo hasa sababu ya kusisitiza saa na mahali. Mgonjwa anayefika zahanati na kumwambia tabibu kwamba kidole gumba kilivimba usiku mara tatu mwaka huu, au kwamba miguu yote miwili hukakamaa saa nzima kila asubuhi kwa wiki sita, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya bingwa, na amempa tabibu sababu ya kuandika rufaa. Akisema tu miguu inauma, foleni ndefu itamalizika kwa vidonge vile vile.

Eneo letu lina visababishi vyake pia, ambavyo vitabu vya Ulaya havivipi uzito. Homa ya chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 hadi 1953 huko Newala, kusini mwa Tanzania, na ambayo imewahi kuzuka Lamu na Mombasa, huacha vifundo vya miguu na vya mikono vikiuma kwa miezi baada ya homa kwisha. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili aliyevimba viganja na nyayo kwa pamoja apimwe selimundu kabla ya kufikiriwa kwamba ameanguka, kwa kuwa hiyo mara nyingi ndiyo dalili yake ya kwanza. Na kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, kwa mtu wa umri wowote, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache.

Umebaki mguu usiouma saa yoyote, na huo ndio unaonitia hofu kuliko yote. Mwenye kisukari cha miaka mingi hupoteza hisia polepole, akianza kwa ganzi na miguu kuwaka moto usiku, akimalizia kwa kutohisi chochote. Siku moja mguu mmoja unavimba na kupata joto. Hauumi sana, kwa hiyo anaendelea kuutembelea, na anayeuona husema ni jongo au ni baridi yabisi. Pengine ndani yake mifupa inavunjika na kuteleza, hatua kwa hatua, mpaka upinde wa unyayo unaanguka. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza uharibifu wa namna hii mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende ya uti wa mgongo, na mwaka 1936 ulihusishwa na kisukari. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. Dalili ya kutegemewa ni joto: weka mgongo wa kiganja juu ya mguu huu, kisha juu ya ule, na kama mmoja ni wa moto wazi wazi kwa mtu mwenye kisukari, asiukanyage tena mpaka aonwe na daktari. Tiba ni kufungwa hogo na kuondoa uzito, kwa miezi, mpaka joto la miguu yote miwili lilingane. Hakuna kidonge kinachochukua nafasi yake.

Kipimo cha kumgundua mtu huyu kabla hajafika huko ni uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi hubonyezwa kwenye unyayo mpaka upinde, naye huulizwa kama amehisi na wapi. Tanzania ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwafundisha matabibu na wauguzi wa mikoani kuuchunguza mguu wa mwenye kisukari kwa namna hiyo, na mafunzo hayo yaliigwa na nchi nyingine. Mwenye kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi, akapimwa sukari na presha bila kuambiwa avue viatu, na avue mwenyewe akiwa bado kwenye kiti, aombe vidole vyake vitazamwe kimoja kimoja na nyayo zake zipimwe, angalau mara moja kila mwaka.